Sheria ya 1872, Silicon Valley, na ile karatasi nilisaini bila kusoma

Nilipoacha kampasi mwaka wa pili, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kuchora masanduku. Usicheke. Tulikuwa orofa ya nne, watu kama 60 kwenye chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake (mwalimu wangu wa Kiswahili angetaka niseme tarakilishi, pole mwalimu), na picha zinakuja moja baada ya nyingine. Gari, chora sanduku. Mtu wa baiskeli, chora sanduku. Mbwa anavuka barabara ya mji ambao hutawahi kufika, chora sanduku. Ukimaliza, picha zinarudi ng'ambo kufundisha mashine kuona. Ukiuliza wanasiasa, hiyo ndiyo ajira ya teknolojia ya kisasa. Ukiuliza mgongo wangu, ni kibarua chenye kiyoyozi.

Mshahara ulikuwa 26,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 11, kampuni nyingine ya kazi hiyo hiyo ikanipa ofa ya 41,000. Nikaandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo, hata sikungoja kulala. Kesho yake mtu wa HR akaniita, akafungua mkataba wangu ukurasa wa 7, akaweka kidole. Nilikuwa nimekubali, kwa sahihi yangu mwenyewe, kwamba nikitoka pale sitafanya kazi kwa kampuni yoyote inayoshindana nao, ndani ya Afrika Mashariki yote, kwa miezi 12. Manze. Afrika Mashariki yote. Mimi wa kuchorea mbwa sanduku.

Ile kampuni ya pili ilipopata barua ya wakili, ofa ikarudi mfukoni. Ya kwanza nayo ilikuwa tayari imeweka mtu kwenye kiti changu. Nikasota miezi saba, na hapo katikati ya kusota ndipo nilianza kutengeneza video na kuandika hizi vitu unasoma. Kwa hivyo mkinishukuru, mshukuruni ukurasa wa 7.

Lakini hasira ni mafuta. Niliingia mtandaoni kutafuta kama hicho kifungu ni halali, nikajikuta nasoma historia ya sehemu moja tunaitajwa nayo kila siku: Silicon Valley. Kila waziri anataka kutujengea moja. Kila gavana ana kituo cha ubunifu chenye rangi ya machungwa na viti vya magunia. Na katika hadithi zote tunazopewa kuhusu pale mahali, ni mara chache utasikia kuhusu karatasi kama ile yangu. Leo ngoja nikupe hiyo sehemu.

Hadithi inaanza na mdosi mbaya. William Shockley alikuwa mmoja wa watu watatu waliobuni transista kwenye maabara za Bell, mashariki mwa Marekani, mwaka 1947. Mwaka 1956 yeye na wenzake John Bardeen na Walter Brattain wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Jamaa alikuwa na akili, hakuna ubishi. Wakati huo huo akahamia California, karibu na mama yake aliyekuwa akiishi Palo Alto, akafungua maabara yake pale Mountain View. Sehemu hiyo ilikuwa inajulikana zaidi kwa mashamba ya matunda. Akaajiri vijana wakali kabisa kutoka kila kona.

Shida ni kwamba kufanya kazi chini ya Shockley ilikuwa noma. Alikuwa anashuku kila mtu, anabadilisha mipango kila wiki, anaona watu kama vifaa. Baadaye maishani alikuja kuwa mhubiri wa ubaguzi wa rangi hadharani, kwa hivyo usimwonee huruma. Mwaka 1957, vijana wanane wakaondoka kwa mpigo. Robert Noyce, Gordon Moore, Eugene Kleiner, Jean Hoerni, Jay Last, Julius Blank, Victor Grinich na Sheldon Roberts. Waliitwa wasaliti wanane, na hilo jina limebaki nao mpaka leo. Wakapata pesa kutoka kwa tajiri wa New York, Sherman Fairchild, wakafungua Fairchild Semiconductor. Iko wapi? Hapo hapo. Maili chache tu kutoka kwa mdosi waliyemkimbia. Wakitengeneza nini? Kile kile alichowaita kutengeneza.

Sasa rudi kwa ukurasa wangu wa 7 uniambie hao wanane wangekuwa wapi.

Na haikuishia hapo. Kumbe ukishaonja uhuru wa kuondoka, unaondoka tena. Mwaka 1967 Charles Sporck akatoka Fairchild akaenda kuongoza National Semiconductor. Mwaka 1968 Noyce na Moore wakatoka wakaanzisha Intel, na kijana mkimbizi kutoka Hungary, Andy Grove, akawafuata. Mwaka 1969 Jerry Sanders akatoka na wenzake wakaanzisha AMD. Kleiner naye akawa mtu wa kuwapa wengine mtaji, na kampuni yake ya 1972 ndiyo hiyo leo wanaiita Kleiner Perkins. Kampuni zilizotokana na Fairchild ni nyingi mpaka watu walianza kuziita watoto wa Fairchild. Kulikuwa na baa Mountain View inaitwa Wagon Wheel, ambapo mainjinia wa kampuni zinazochukiana walikuwa wanakaa meza moja jioni, wanalalamikia wadosi wao, na kabla bili ije mtu ashapewa kazi. Mwaka 1971, mwandishi wa habari Don Hoefler akaandika makala akatumia jina Silicon Valley, na jina likashika. Silikoni ni ile malighafi ya chipu. Chipu za kompyuta, si zile za kibanda zenye kachumbari.

Mimi nilipofika hapa nikajiuliza swali la kijinga: kwani hawa watu hawakuwa na mawakili? Fairchild haingeweza kuwafungia? Swali halikuwa la kijinga. Jibu liko kwa sheria ya jimbo.

Karne ya 19 kulikuwa na wakili wa New York aliyeitwa David Dudley Field, mtu aliyekuwa na ndoto ya kuandika sheria zote za kawaida kwenye kitabu kimoja. Aliandika rasimu ya sheria za kiraia akaipelekea jimbo lake. New York wakakataa kuipitisha. California, ambayo ilikuwa jimbo jipya lenye sheria zilizochanganyika za Meksiko, za Uingereza na za wachimba dhahabu, ilikuwa inatafuta kitabu kilicho tayari. Mwaka 1872 wakachukua sehemu kubwa ya kazi ya Field wakaifanya yao. Ndani yake kulikuwa na kifungu kifupi, namba 1673, kinachosema hivi, kwa maneno yangu: mkataba wowote unaomzuia mtu kufanya kazi halali, biashara halali au taaluma halali ni bure kwa kiasi hicho cha kuzuia. Isipokuwa vitu vichache kama ukiuza biashara yako. Mwaka 1941 kifungu kikahamishiwa kwa kitabu kingine cha sheria za jimbo, kikapewa namba 16600, na namba hiyo bado iko.

Ona hiyo bahati. 1872. Hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na hata balbu ya Edison. Hakuna mbunge wa California aliyeamka akisema leo natengeneza kituo cha teknolojia cha dunia. Walikopi kitabu cha mtu aliyekataliwa kwao. Halafu miaka 85 baadaye vijana wanane wakatoka kazini na hakuna karatasi ya kuwafungia barabara.

Haimaanishi ukiwa California unaweza kuondoka na flashi imejaa siri za kampuni. Siri za biashara zinalindwa, na watu wameshtakiwa kwa hilo. Tofauti ni kwamba wewe mwenyewe, na kile ulichojifunza kichwani, hamuwi mali ya kampuni.

Upande wa pili wa nchi kulikuwa na mpinzani, na kwa miaka mingi huyo ndiye alikuwa mbele. Boston ina barabara ya kuzunguka mji inayoitwa Route 128. Fikiria Eastern Bypass yetu, lakini badala ya malori na mahindi choma, pande zote mbili kuna maabara. Walikuwa na chuo cha MIT. Walikuwa na Harvard. Walikuwa na pesa za jeshi tangu vita vya pili vya dunia. Mwaka ule ule wa 1957, Ken Olsen na Harlan Anderson walianzisha kampuni ya DEC kwa mtaji wa dola 70,000 ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu, mji wa Maynard. DEC ikawa jitu. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000 duniani. Kulikuwa na Wang, kulikuwa na Data General. Gavana wa jimbo la Massachusetts, Michael Dukakis, aligombea urais mwaka 1988 akijivunia huo muujiza wa ajira.

Massachusetts lakini ilikuwa inafuata ule utamaduni wa zamani wa sheria ya Kiingereza: kifungu cha kumzuia mfanyakazi kwenda kwa mpinzani ni halali mradi korti ione kina kiasi. Muda wa kiasi, eneo la kiasi. Nani anajua kiasi ni nini? Jaji. Utajua lini? Ukishashtakiwa. Kwa hivyo mtu mwenye akili timamu na mkopo wa nyumba anabaki alipo. Na waliotoka hawakusamehewa kirahisi. Data General ilianzishwa 1968 na akina Edson de Castro waliotoka DEC, na miaka kumi baadaye Olsen bado alikuwa na uchungu nao. Linganisha na ile baa ya Mountain View.

Halafu miaka ya 80 upepo ukageuka. Kompyuta ndogo za mezani zikaja zikameza zile mashine za ukubwa wa kabati ambazo Boston walikuwa wanauza. Kampuni zikaanza kuumia. Wang ikafilisika 1992. Mwaka huo huo Olsen akaondoka DEC, na 1998 DEC yenyewe ikanunuliwa na Compaq. Msomi mmoja, AnnaLee Saxenian, aliandika kitabu mwaka 1994 akilinganisha hizo sehemu mbili. Hesabu zake ndizo zilinishika koo. Mwaka 1975 Silicon Valley na Route 128 zilikuwa na watu wa teknolojia karibu sawa. Kati ya 1975 na 1990, kampuni za Silicon Valley ziliongeza kazi mpya za teknolojia 150,000 hivi, mara tatu ya zile za Route 128. Wote walikuwa na vyuo vikali na pesa za serikali.

Saxenian alisema tofauti ni utamaduni. Magharibi watu wanachanganyika, wanahama, wanashirikiana hata wakishindana. Mashariki kampuni ni kama familia zenye geti refu. Mwaka 1999 profesa wa sheria wa Stanford, Ronald Gilson, akamjibu kwa swali moja la maana: huo utamaduni ulitoka wapi? Kwa maoni yake, ulitoka kwa ile sheria ya 1872. Watu wa California hawakuzaliwa wapole zaidi. Ni kwamba wadosi walishindwa kuwafungia watu, wakazoea. Ukishajua mtu ataondoka hata ukifanya nini, unaanza kumlipa vizuri, unampa hisa, unakubali kwamba kesho atakuwa mteja wako au mdosi wako.

Mimi niko upande wa Gilson, lakini niko na ukurasa wa 7, kwa hivyo usinichukulie kama refa.

Mtu wangu mmoja aliyesomea uchumi alinipinga hapo. Akasema, sawa, lakini majimbo mawili yanatofautiana kwa vitu elfu, utajuaje ni sheria na si hali ya hewa? Ni swali fiti. Bahati nzuri historia imetupa jimbo ambalo lilifanya jaribio bila kukusudia: Michigan.

Michigan, jimbo la magari, lilikuwa limepiga marufuku hivyo vifungu tangu 1905. Mwaka 1985 wabunge wao wakapitisha sheria mpya ya ushindani wa biashara, na wakati wa kufuta sheria za zamani wakafuta hiyo marufuku pia. Inaonekana hawakujua kabisa. Walikuwa wanafagia nyumba wakatupa na pete. Kwa watafiti hiyo ilikuwa zawadi, maana hakuna aliyebadilisha sheria kwa sababu ya hali ya ajira, ni ajali tu. Miaka mingi baadaye Matt Marx, Deborah Strumsky na Lee Fleming wakachambua rekodi za hataza, yaani haki za uvumbuzi, kuona wavumbuzi walikuwa wanahama kampuni mara ngapi kabla na baada ya 1985. Kwenye ripoti yao ya 2009, kuhama kulipungua kwa asilimia 8 hivi ukilinganisha na majimbo ambayo hayakubadilisha kitu. Waliobanwa zaidi ni wale wenye ujuzi mmoja wa ndani sana, wale ambao nje ya fani yao hawana pa kwenda.

Hapo nilisimamisha kusoma nikaenda kununua smokie. Nilihitaji hewa.

Hawaii walifanya kinyume. Mwaka 2015 walipiga marufuku hivyo vifungu kwa wafanyakazi wa kampuni za teknolojia pekee, wakitumaini kupunguza vijana wao kukimbilia bara. Watafiti waliofuatilia walikuta kuhama kazi kumepanda kwa asilimia 11, na mshahara wa watu wanaoajiriwa upya umepanda kwa asilimia 4. Asilimia 4 ni kidogo? Kwa mtu analipa kodi ya nyumba, si kidogo. Na hakuna jengo lilijengwa, hakuna utepe ulikatwa.

Massachusetts wenyewe walikuja kukubali, baada ya miaka ya kubishana bungeni. Sheria yao ya 2018 ilisema kifungu kisizidi miezi 12, na kwamba mwajiri akitaka kukufungia nje ya soko basi akulipe angalau nusu ya mshahara wakati huo unakaa nyumbani, au mkubaliane malipo mengine. Wafanyakazi wa mishahara ya chini wa kulipwa kwa saa na wanafunzi wa mafunzo ya kazini wakaondolewa kabisa. Soma hiyo ya mwisho tena. Msee wa kuchora masanduku, kule Boston, pengine hangeguswa.

Sasa, sitaki utoke hapa ukidhani sheria moja ndiyo ilijenga kila kitu. Jimbo la North Dakota lina katazo kama la California tangu karne ya 19, maana nao walikopi kitabu cha Field. Umewahi kusikia Silicon Valley ya North Dakota? Kule California kulikuwa na Stanford na mzee wake Frederick Terman aliyesukuma wanafunzi wafungue kampuni. Kulikuwa na jeshi la Marekani: chipu za mwanzo za Fairchild zilinunuliwa kwa ajili ya makombora na baadaye kompyuta ya kwenda mwezini, na serikali ilikuwa inalipa bei ambayo hakuna mteja wa kawaida angelipa. Mlango ukiwa wazi na hakuna mahali pa kwenda, mlango haukusaidii.

Na hata huko kwenyewe wadosi walitafuta njia ya kuzunguka. Wakati kifungu cha kumfungia mfanyakazi hakikubaliki, baadhi ya makampuni makubwa kabisa yakakubaliana kimya kimya kwamba hayataitiana wafanyakazi. Apple, Google, Intel, Adobe. Ndiyo, Intel, iliyozaliwa na watu waliohama. Wizara ya Haki ya Marekani ikawashika mwaka 2010, na wafanyakazi 64,000 hivi wakashtaki. Kesi dhidi ya hizo nne iliisha 2015 kwa dola milioni 415. Ukigawanya, kabla hata mawakili wachukue chao, ni kama dola 6,500 kwa mtu. Kwa miaka ya mishahara iliyobanwa. Bure kabisa.

Na kuna watu ambao hiyo hadithi ya kuhama haikuwahi kuwafikia. Hao wanane wote walikuwa wanaume weupe wenye digrii kubwa. Chipu zenyewe zilikuwa zinaunganishwa na wanawake, kwa mkono, chini ya darubini. Fairchild ilipeleka kazi hiyo Hong Kong mwaka 1963, na 1965 ikaanzisha kiwanda Shiprock, kwenye ardhi ya Wanavajo, ambapo mamia ya wanawake wa Kinavajo waliajiriwa. Kampuni ilijisifu kwamba vidole vyao vilivyozoea kusuka mazulia vinafaa chipu. Mwaka 1975, baada ya wafanyakazi kupunguzwa, wanaharakati wakakivamia kiwanda, na Fairchild ikafunga ikaenda zake. Hao kina mama hawakuwa na kifungu cha kuwazuia kwenda kwa mpinzani. Mpinzani mwenyewe hakuwepo. Nikifikiria ile orofa ya nne, sijui kama sisi ni wale wanane au ni wale wa Shiprock. Nadhani tulikuwa wa Shiprock tuliopewa mkataba wa wale wanane.

Haya, tuje nyumbani.

Kenya tuna sheria inayohusu hili, Sura ya 24, ya mikataba inayozuia biashara. Nimeisoma mara nne, ni fupi. Inachosema kwa lugha ya kawaida ni kwamba mkataba hauwi bure eti kwa sababu tu una kifungu cha kukuzuia kufanya kazi yako halali. Lakini Korti Kuu ina nguvu ya kukifuta ikiona, kwa kuangalia aina ya kazi, muda na eneo, kwamba kimezidi kiasi au kinaumiza umma. Kwa hivyo wakili niliyemuuliza baadaye (bure, nilimtumia ujumbe nikabembeleza) aliniambia kifungu changu huenda kingeanguka. Miezi 12, Afrika Mashariki yote, kijana wa 26,000? Hakuna siri yoyote nilikuwa nayo, labda password ya wifi. Jaji angecheka.

Shida ni hiyo "huenda" na hiyo "korti". California kifungu kimekufa kabla hujakisaini, na tangu Januari 2024 kampuni kumwekea mtu kifungu kama hicho ni kosa lenyewe. Wale waliokuwa wameviweka walilazimishwa kuwaandikia wafanyakazi wao kufikia tarehe 14 Februari 2024 kuwaambia kwamba havina nguvu. Siku ya wapendanao, fikiria. Hapa kifungu kinaishi mpaka wewe, uliyesota, upate pesa ya wakili uende ukakiue. Kampuni haihitaji kushinda kesi. Inahitaji tu barua moja, na mwajiri wako mpya ashtuke. Yangu ilimaliza kazi kwa siku tatu.

Na tofauti na Marekani, hapa gavana hawezi kuamka akabadilisha hilo, maana katiba ya 2010 iliweka viwango vya kazi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo usiende kumsumbua MCA wako. Hili ni la bunge kule Nairobi, ambao wanapenda sana kusema Silicon Savannah. Tumetenga ekari 5,000 pale Konza. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, nikiwa shule ya msingi, na nikikumbuka ile picha ya majengo marefu kwenye gazeti nilidhani nikimaliza shule nitafanya kazi huko. Sipingi barabara na nyaya. Nyaya za baharini zilizofika Mombasa 2009 ndizo zinafanya mimi nikufikie leo. Ninachouliza ni kwa nini kila tunapokopi Silicon Valley tunakopi vioo na lami, vitu vya mabilioni, na ile sentensi moja ya 1872 ambayo haigharimu hata saruji mfuko mmoja hatuigusi.

Najua waajiri watasema nini, maana mmoja aliniambia uso kwa uso. Nikifundisha kijana miezi sita halafu jirani anamchukua, nitafundisha tena kwa nini? Hiyo hoja si ya kipuzi. Hata wasomi wamekuta kampuni zinafundisha zaidi mahali vifungu vinashikilia. Jibu langu: mafunzo yangu yalikuwa siku mbili, na siku ya pili tulitoka saa nane. Na kama kweli umenifundisha kitu cha thamani, fanya kama ile sheria ya Boston, nilipe nusu mshahara nikae nyumbani mwaka mzima. Nitakaa. Nitakutumia hata kadi ya Krismasi.

Wiki iliyopita dem tuliyekaa naye dawati moja kule orofa ya nne alinipigia. Amepata ofa, ya kampuni ingine, mshahara mzuri kuliko ile yangu. Alikuwa anauliza kama atoe barua ama anyamaze aende tu. Nikamwambia asome ukurasa wa 7 kwanza. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zinafunguliwa, halafu akasema siku hizi imekuwa ukurasa wa 9, na si miezi 12 tena. Ni 18.

Kama na wewe umesaini kitu kama hicho, niandikie. Ficha jina la kampuni na uniambie tu mambo matatu: muda, eneo, na walikuwa wanakulipa ngapi.